Uzi: Kujua resho ya difu ya gari la zamani bila kuifungua

Krauni_na_Pinyoni (mwenye uzi)

Wakuu, habari zenu.

Swali la resho ya difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) halikomi, na majibu yake ni yale yale: soma kibao, piga hesabu ya mizunguko ya injini, zungusha tairi mara moja uhesabu propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu). Hakuna la uongo hapo. Shida ni kwamba gari lenye miaka 40 au 50 limeshapita mikono mingi, na ukiyafuata majibu hayo juu juu unaondoka na namba ya kukadiria, "kama 3.6 hivi". Sasa hiyo 3.6 hivi ni 3.54, 3.55, 3.70 au 3.73? Anayetafuta krauni ya kubadilisha hawezi kununua "hivi".

Naandika namna ninayoiamini mimi. Inakupa resho kamili, na mara nyingi hata idadi ya meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) na ya pinyoni (gia ndogo inayoizungusha), difu ikiwa imefungwa vilevile. Vifaa ni jeki, stendi, kabari na chaki.

Tuelewane kwanza. Resho ni meno ya krauni ukigawanya kwa meno ya pinyoni, basi. Krauni ya meno 41 na pinyoni ya 10 ni 4.10, yaani propela inazunguka mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara 1. Namba ikiwa kubwa gari linavuta na kupanda vizuri, ila injini inapiga makelele kwenye mwendo mrefu. Ikiwa ndogo, mwendo mrefu ni raha, mlimani ndiyo utashusha gia mapema. Ukubwa wa tairi haubadilishi resho ya difu hata kidogo. Unabadilisha mwendo wa gari kwa mizunguko ileile ya injini.

Vibao navyo tusivipuuze. Difu ya Ford ya inchi 9, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa na kibati kidogo kilichobanwa na bolti mojawapo ya difu. Ukisoma 3 50 ni resho ya 3.50 ya kawaida. Ukisoma 3L50, ile L imekaa mahali pa nukta, na maana yake difu ni ya aina inayozuia tairi moja kuteleza peke yake. Magari ya GM yenye karatasi ya misimbo ndani yake yana GU6 kwa 3.42, GT4 kwa 3.73, GT5 kwa 4.10, na G80 ni difu ya kujifunga. Toyota wanaandika msimbo wa ekseli kwenye kibao cha gari, sehemu ya A/TM: herufi inaeleza ukubwa wa krauni, tarakimu zinazofuata ndizo resho, lakini lazima uwe na jedwali la gari lako. Difu za kampuni ya Dana huwa na kibati kwenye bolti ya mfuniko wa nyuma.

Tatizo la kibao ni moja: kinaeleza difu iliyofungwa kiwandani. Difu ikichomolewa ikawekwa nyingine, kibao cha Toyota hakijui. Na kibati cha Ford kinahama na bolti yake popote fundi atakapoirudishia. Mimi nasoma kibao ili nijue nitegemee nini, kisha nahesabu.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Utaliweka frii na hendibreki utaiachia, kwa hiyo hakuna kitu kitakacholishika isipokuwa kabari. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote yatakayobaki chini. Wenye Land Rover za zamani nawasisitizia hili hata kwa kazi nyingine: hendibreki yenu iko kwenye transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma), inashika propela na siyo magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Kabari, wakuu. Na stendi chini ya ekseli. Jeki ni ya kuinulia, siyo ya kukaa chini yake.

Inua gurudumu moja tu la nyuma. Lile linalobaki chini limeshafungwa na ardhi, na ndivyo tunavyotaka. Piga mstari wa chaki kwenye tairi lililo juu, ukilinganisha na alama kwenye bodi. Piga mstari mwingine kwenye flanji ya pinyoni (kisahani ambacho propela inafungwa), ukilinganisha na alama kwenye hausingi (ganda) ya difu. Iwe pale pale pinyoni inapoingia kwenye difu, usihesabie kule kwenye gia boksi. Kabla hujapiga alama, zungusha tairi kidogo kwa upande utakaouzungushia ili ule uchezaji wa meno uishe. Ukishaanza, usirudi nyuma. Ukirudi, anza upya.

Zungusha, mmoja akihesabu tairi, mwingine propela. Usiishie kwenye mzunguko wa kwanza wala wa kumi. Endelea mpaka alama zote mbili zirudi mahali pake kwa pamoja. Hapo ndipo unasimama na kuandika namba mbili.

Gurudumu moja likiwa limesimama, spaida (gia ndogo za ndani ya difu zinazoruhusu magurudumu mawili yatofautiane mwendo) zinafanya krauni izunguke nusu tu ya lile linalozunguka. Kwa hiyo chukua mizunguko ya propela, zidisha kwa 2, gawanya kwa mizunguko ya tairi. Land Rover Series yenye difu yake ya asili itakupa tairi 20, propela 47. Mara mbili ya 47 ni 94, gawanya kwa 20, unapata 4.7. Na krauni yake ina meno 47 kweli, pinyoni 10.

Kwa nini alama zikutane hapo na si kabla? Tairi likizunguka mara 20 krauni imezunguka mara 10, na meno 470 yamepita kwenye pinyoni ya meno 10: mizunguko 47 kamili, hakuna salio. Popote pengine kabla ya hapo kuna salio, na salio hilo unaliona kwa macho kwenye chaki. Kwa pinyoni ya meno 10 salio dogo kabisa ni digrii 18, huwezi kulipita bila kuliona.

Faida yake ni kwenye resho zinazofanana. 4.10 na 4.11 ukizungusha tairi mara mbili na kukadiria kwa jicho, hutazitenganisha kamwe. Kwa njia hii, difu ya 37 kwa 9 (ndiyo 4.11) alama zinakutana tairi likifika 18 na propela 37. Ile ya 41 kwa 10 ukifika tairi 18 propela iko 36.9, chaki imepungukiwa digrii 36, mpaka ufike 20 na 41. Hakuna kubishana.

Difu ya kufunga au ya kuzuia kuteleza ina utaratibu wake: inua yote mawili, yatazunguka upande mmoja pamoja, na hapo usizidishe kwa 2.

Karibuni kwa maswali.

---

GariKuukuu

Mkuu uzi mzuri ila mbona kujichosha? Fungua mfuniko wa nyuma, hesabu meno, funga. Namba zenyewe zimegongwa kwenye ukingo wa krauni.

---

Krauni_na_Pinyoni

GariKuukuu, kama una mfuniko wa nyuma na oili ulikuwa unataka kuimwaga, fanya hivyo, sikukatazi. Dana zinafunguka hivyo, na difu ya Salisbury ya Land Rover ndefu vilevile. Ila Ford ya inchi 9, Toyota nyingi na difu ya Rover zinachomoka kwa mbele. Mpaka uchomoe saidi shafti (zinazotoka difu kwenda magurudumu), ufungue propela, uinue difu nzima. Kwa ajili ya kuhesabu meno tu?

Ukifungua, tafuta mambo mawili. La kwanza ni zile namba za meno, mfano 41 na 11, ambayo ni 3.73. La pili ni namba ya jozi, iliyochorwa kwenye krauni na kwenye kichwa cha pinyoni. Ziwe sawa. Krauni na pinyoni husagwa pamoja kiwandani, ukikuta namba tofauti ujue kuna mtu alichanganya, na ule mlio unaousikia ukiachia mafuta umeshapata asili yake. Wenye Dana 44 wajue pia kwamba kikombe kinachobeba krauni kinatofautiana: kuna cha resho za 3.73 kushuka, kuna cha 3.92 kupanda. Ndiyo maana nasema ujue resho kabla hujanunua chochote.

---

Tairi_Kipara

Kumbe humu ndani kuna meno? Mimi miaka yote najua ni oili tu 😂

---

DerevaWaUsiku

Mkuu Krauni, gari langu liko kwenye kazi kila siku, siwezi kulipandisha stendi wiki hii. Ile hesabu ya rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) inafaa? Ni otomatiki.

---

Krauni_na_Pinyoni

DerevaWaUsiku, inafaa kukupa mwelekeo. Unahitaji vitu vitatu vya kweli. Mwendo uuchukue kwenye simu kwa GPS, usichukue spidomita, kwa sababu spidomita ni mmoja wa washukiwa. Mzunguko wa tairi uupime chini likiwa na uzito wa gari: weka alama, sukuma gari mpaka alama irudi chini, pima umbali. Usitumie hesabu ya namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, tairi lililobebeshwa gari linabonyea. Cha tatu, ujue gia uliyomo ina resho gani. Gia boksi nyingi za zamani gia ya juu ni moja kwa moja, 1.00, isipokuwa kama ina ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo mrefu, chini ya 1.00).

Chukua mfano: 100 km/h, injini 3000, tairi linatembea mita 2.2 kwa mzunguko, gia ya moja kwa moja. Mita 100,000 gawanya kwa dakika 60 ni 1667 kwa dakika. Gawanya kwa 2.2, tairi linazunguka mara 758 kwa dakika. 3000 gawanya kwa 758 ni karibu 3.96.

Na hapo ndipo ubaya wa njia hii unapoonekana: hakuna anayejua kama hiyo ni 3.91 au 4.10. Otomatiki ya zamani isiyofunga kigeuza nguvu (torque converter) huteleza kidogo muda wote, kwa hiyo injini inazunguka zaidi ya inavyostahili na resho unayoipata inakuwa juu kuliko ya kweli. Itumie kujua uko kwenye 3 au kwenye 4, basi.

---

Sita_Silinda

Vipi Peugeot 404? Nimeambiwa difu yake haina krauni.

---

Krauni_na_Pinyoni

Umeambiwa kweli. 403 na 404 zinatumia parafujo inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Njia ya chaki haijali: alama zitakutana vilevile, na badala ya meno ya pinyoni utapata idadi ya njia za parafujo. Cha kujali zaidi kwako ni oili. Usimimine oili yoyote ya difu unayoikuta rafuni, kuna viungo vya kuhimili mgandamizo vinavyokula shaba. Fuata kitabu cha gari.

---

Mzigo_Mzito

Kwenye lori langu nimehesabu nikapata namba ya ajabu, inazidi 6. Difu gani hiyo?

---

Krauni_na_Pinyoni

Huenda siyo difu peke yake. Malori mengi yana gia nyingine za kupunguza mwendo ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), na Unimog nayo ina za kwake pale kwenye magurudumu. Ukizungusha tairi unahesabu zote kwa mkupuo: difu mara habu. Namba uliyopata ni sahihi kwa gari zima, ila usiende kununua krauni kwa namba hiyo. Angalia kama habu imetokeza nje kama bakuli. Na kama lori lina ekseli ya miendo miwili, hesabu kila mwendo peke yake.

---

Land_Series

Wakuu, mimi nina Series III fupi. Nimefuata uzi huu neno kwa neno. Alama zimekutana tairi 13, propela 23. Nimerudia, ni hivyo hivyo. 23 kwa 13 ni 1.77, hiyo siyo difu. Nimekosea wapi? Gari lina tatizo jingine pia: nikiweka low (gia za nguvu za transfa) kwenye barabara ngumu linashika, linakuwa zito, gia ikikataa kutoka mpaka nirudi rivasi kidogo.

---

GariKuukuu

Hujazidisha kwa 2 mkuu.

---

Krauni_na_Pinyoni

Land_Series, hesabu yako ni safi, GariKuukuu amekujibu. 23 mara 2 ni 46. 46 kwa 13 ni 3.54. Hiyo ni difu ya Range Rover ya zamani, ile iliyoanza 1970. Difu ya asili ya Series yako ni 4.7. Kuna mtu alihamisha, na ni jambo linalofanyika sana kwa sababu gari linapata mwendo kwa thuluthi nzima bila kugusa injini.

Wengine mtauliza mbona alama zimekutana kwenye 13 na siyo 26. Ni kwa sababu 46 inagawanyika kwa 2. Tairi 13 ni krauni mara 6 na nusu, na 6 na nusu mara 46 ni 299, ambayo pinyoni ya meno 13 inaimaliza kwa mizunguko 23 kamili. Ndiyo maana nasema andika namba mbili, zidisha, gawanya; usidhani idadi ya tairi ndiyo meno moja kwa moja. Vivyo hivyo difu ya 39 kwa 13: alama zitakutana kwenye tairi 2 na propela 3. Resho unaipata, 3.00 kamili, ila meno hutayajua kwa chaki.

Sasa nijibu mawili. Je, spidomita yako inadanganya? Na difu ya mbele umeihesabu?

---

Land_Series

Spidomita ndiyo, simu inasema 80 mimi nasoma 60. Nilidhani kebo imechoka. Ya mbele sijagusa, naihesabu kesho.

---

Krauni_na_Pinyoni

Kebo haina kosa. Spidomita ya Series inachukua mwendo kwenye transfa, haijui difu imebadilishwa. 4.7 gawanya kwa 3.54 ni 1.33, na 60 mara 1.33 ni 80. Umeshathibitisha difu ya nyuma kwa njia ya pili bila kutaka.

Kesho ukihesabu ya mbele, usiweke low wala four (magurudumu yote manne yavute) mpaka ulete majibu hapa. Kwenye mbele tumia flanji ya pinyoni ya mbele, na kama una habu za kufungulia (zinazoweza kutenganisha gurudumu na shafti yake), zifunge zishike kwanza, la sivyo tairi litazunguka bila propela.

---

Land_Series

Mbele: tairi 20, propela 47.

---

Krauni_na_Pinyoni

Basi ni 4.7 mbele na 3.54 nyuma. Mtu alibadilisha moja akaiacha nyingine.

Ndiyo maana gari linashika. Series haina difu ya katikati, transfa inazifunga propela mbili zizunguke sawa. Kwa propela zinazozunguka sawa, magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 4, ya mbele yanataka kuzunguka mara 3 tu. Kwenye matope tofauti hiyo inamalizwa na utelezi. Kwenye lami haina pa kwenda, inakaza shafti na meno, ndiyo maana gia haitoki mpaka urudi nyuma kidogo kuilegeza. Na kwenye Series II na III ukiingiza low, four inaingia yenyewe, kwa hiyo low pia huna kwa sasa.

---

Sita_Silinda

Nina swali hapo hapo. Mimi kwenye pikapu yangu nimepata 4.10 mbele na 4.11 nyuma. Na mimi nimeumia?

---

Krauni_na_Pinyoni

Hapana. Tofauti ni kama asilimia 0.27. Tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 38 likilika milimita 5 tu limeshabadilika kwa asilimia 1.3, mara tano ya hiyo. Wewe angalia matairi yako yafanane, difu ziache.

Land_Series, una njia mbili. Kurudisha 4.7 nyuma, au kuweka 3.54 na mbele. Kama injini ni ile ya petroli ya lita 2.25, mimi ningerudisha 4.7. Injini hiyo ikibeba 3.54 na mzigo, kwenye mlima utaishi gia ya tatu. Ukitaka mwendo wa barabarani tafuta ovadraivu, difu uziache kama zilivyotoka kiwandani. Kama kuna injini kubwa zaidi humo, 3.54 zote mbili ni sawa.

---

Land_Series

Ni 2.25 petroli. Nitatafuta 4.7. Wakati naitafuta, naweza kutoa propela ya mbele niendelee kulitumia?

---

Krauni_na_Pinyoni

Unaweza. Toa propela yote ya mbele, usiiache ikining'inia upande mmoja. Kama una habu za kufungulia, kuzifungua kunatosha, propela itazunguka bure. Low itakubali tena, ila nguvu yote sasa inapita ekseli ya nyuma peke yake, na saidi shafti za Series hazijulikani kwa ugumu. Ukiwa low usiachie klachi ghafla na usivute mtu aliyekwama. Na kabla ya kulipa hiyo difu ya 4.7, zungusha flanji ya pinyoni pale pale kwa muuzaji na chaki yako: mara 47, krauni mara 10. Hapo umeshika difu mkononi, hakuna kuzidisha kwa 2.